Ng'ombe anakatwa pembe, simba kalala fofofo: picha hii inasemaje, na nikate ukingo?

FundiFremu (Mombasa)

Assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Mimi ni fundi wa fremu, kibanda changu kiko Mwembe Tayari. Kazi yangu ni mbao, kioo na misumari midogo. Yaliyomo ndani ya picha huwa siyaulizi. Nimetia fremu vyeti vya shule, picha za harusi, Ayatul Kursiy, hata talaka ya bwana mmoja aliyetaka kuitundika sebuleni. Lakini hii ya juzi imenikaa kichwani hadi mke wangu ananiuliza kuna nini.

Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kaletewa picha na mwanawe kutoka Uingereza. Anataka iingie kwenye fremu yake kuukuu ya mvule, na ili iingie sharti nikate ukingo wenye maandishi. Nimemwambia aniachie siku mbili.

Picha ni ya wino mweusi mtupu, mistari myembamba kama nywele. Kuna ng'ombe amesimama, kama hana habari. Mtu ana msumeno, amekwisha kumkata pembe moja na sasa yuko kwenye ya pili. Mwingine, mnene, anamkamua huku anafurahi. Wawili wengine wanaondoka na mabakuli yamejaa, wanacheka. Simba amelala chini na kimbwa cha pua bapa kimempanda mgongoni. Kando ya simba kuna bwana anajisokota mikono kama aliyefiwa. Nyuma kabisa kuna mji, meli isiyo na tanga wala mizinga, na watu wawili wanasinzia wameegemeana. Maandishi yanataja hali ya taifa, Februari 1778.

Simba ni Uingereza, hilo najua. Hao wengine ni nani? Na jambo linalonisumbua zaidi: mwaka huo si walikuwa vitani na Marekani? Basi nani alimruhusu mtu amchore simba wa mfalme anakanyagwa na kimbwa, aichape, aiuze, kisha arudi kulala kwake salama?

Na nikate au nisikate? Kisu ninacho mkononi.

MwalimuZuhura (Tanga)

Wa alaykum salaam. Fundi, weka kisu chini. Maandishi ni nusu ya picha hiyo.

Nimefundisha historia miaka 31, na kila mwaka sikukosa mwanafunzi mmoja wa kunichora ubaoni nikitoka kidogo. Mwaka mmoja nilichorwa tembo mwenye miwani. Kwa hiyo mambo ya vibonzo nayajua kwa upande wa anayechorwa pia.

Ng'ombe ni biashara ya Uingereza. Mwenye msumeno ni Kongresi ya Wamarekani walioasi. Pembe ndizo nguvu na kinga ya mnyama, moja imekwenda, nyingine inakwenda. Mnene anayekamua ni Mholanzi. Wenye mabakuli ni Mfaransa na Mhispania. Anayejisokota mikono ni Mwingereza, raia huru, amevaa nguo za msiba, na kila akijaribu kumwamsha simba, simba haamki. Mji ni Philadelphia. Meli ni Eagle, ya Admirali Richard Howe. Wanaosinzia ni huyo Admirali na nduguye Jenerali William Howe, ambaye jeshi lake liliingia Philadelphia Septemba 1777, kisha wakatulia humo kama wageni wa harusi waliosahau kuaga. Haya sikuyabuni. Picha ilitolewa na jarida la Westminster Magazine Machi 1778, nalo likaichapa pamoja na ufunguo wake, mtu kwa mtu.

Sasa tazama tarehe, maana hapo ndipo utamu ulipo. Oktoba 1777 jeshi zima la Jenerali Burgoyne wa Uingereza lilisalimu amri kwa Wamarekani huko Saratoga. Habari zikafika London Desemba. Tarehe 6 Februari 1778 Ufaransa ikatia saini mkataba na Wamarekani mjini Paris. Lakini Hispania iliingia vitani mwaka uliofuata, 1779, na Uholanzi haikuwa adui mpaka Desemba 1780! Mchoraji amewaweka wote kwenye ng'ombe mmoja kabla hawajatangaza lolote. Mholanzi alikuwa anauza silaha na baruti kupitia kisiwa chake kidogo cha Karibi, Sint Eustatius, na kila mfanyabiashara wa London alijua. Kukamua hakuhitaji kutangaza vita.

Swali lako la nani aliruhusu. Hakuna aliyeruhusu, kwa sababu hapakuwa na wa kuombwa ruhusa. Sheria ya kukagua machapisho kabla hayajatoka iliisha muda wake 1695 na Bunge halikuihuisha. Michezo ya jukwaani ndiyo iliyowekewa mkaguzi, mwaka 1737. Karatasi iliachwa. Serikali ingeweza kukushtaki baada ya kuchapa, kwa kosa la uchochezi, na kwa maandishi ilifanya hivyo mara nyingi. Kwa picha ilikuwa na tatizo ambalo mtu wa pwani atalielewa upesi kuliko mtu yeyote: fumbo. Kesi ya namna hiyo ilimtaka mwanasheria wa serikali asimame mbele ya baraza la mahakama aeleze kila fumbo linamgusa nani. Yaani aseme kwa kinywa chake: "Waheshimiwa, simba huyu aliyelala, anayekanyagwa na mbwa, ni Mfalme wetu na serikali yake." Nani anataka kuisema sentensi hiyo hadharani, iandikwe na magazeti asubuhi?

Kaka_Mkalimani (Nairobi)

Kwa hiyo kwa kifupi Waingereza walikuwa na uhuru wa habari miaka 250 iliyopita, vitani, wakati leo katika nchi nyingi mchora katuni analala na viatu miguuni. Wenzetu walituacha mbali.

MwalimuZuhura (Tanga)

Kaka, polepole. Mwaka 1793 muuza picha mmoja wa London, William Holland, alifungwa gereza la Newgate. Dukani kwake kulijaa vibonzo vya kumcheka mfalme, tena vya kutia haya. Alichofungiwa si vibonzo, ni kuuza maandishi ya Thomas Paine, aliyepinga utawala wa wafalme. Picha waliiacha ukutani, mwenye duka wakampitishia mlango wa kijitabu. Uhuru huo ulikuwa na matundu, na aliyepona alipona kwa kujua tundu liko wapi.

MchongaBamba (Dar es Salaam)

Niongeze ya ufundi, kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu.

Fundi, pitisha kidole taratibu kuzunguka picha. Ukisikia mfereji mdogo uliobonyea, mstatili mzima, hiyo ni alama ya bamba la shaba na karatasi yako ina umri. Usiposikia, chukua lenzi ya kukuzia utazame mistari. Ikiwa imegawanyika vitone vitone, ni nakala ya mashine ya juzi.

Walivyofanya ni hivi. Bamba la shaba linapakwa nta ngumu na kutiwa moshi mpaka liwe jeusi. Unachora kwa sindano, kila unapopita nta inatoka na shaba inang'aa. Unamwagia asidi, inakula pale palipo wazi. Unasafisha, unapaka wino, unafuta juu, wino unabaki mashimoni tu. Karatasi yenye unyevu juu, kisha unapitisha kwenye rola mbili kwa nguvu. Mchoro unatoka umegeuka, kulia kunakuwa kushoto, kwa hiyo maandishi yote lazima uyachonge kinyume. Mimi nimewahi kuharibu bamba la siku nne kwa herufi moja, S. Rangi ilitiwa baadaye kwa brashi, karatasi moja moja kwa mkono.

Jambo la haraka: habari ikifika Jumatatu, mchongaji stadi aliweza kuwa na picha dirishani kabla ya wiki kwisha. Ndiyo maana vita viliwapa kazi.

Na usikate maandishi ya chini kwenye picha yoyote ya zamani ya Waingereza. Sheria ya 1735, ambayo mchoraji William Hogarth ndiye aliyeipigania, ilimpa mchongaji haki ya miaka 14 juu ya picha yake, kwa sharti kwamba tarehe na jina la mwenyewe viandikwe kwenye bamba. Kwa ajili ya mstari huo mdogo leo tunajua picha nyingi zilitoka siku gani hasa. Ukiukata, umechana cheti cha kuzaliwa.

DerevaLondon

Salaam Fundi, salaam Mwalimu. Mimi ni mtoto wa Malindi, naendesha basi London mwaka wa kumi na mbili. Njia yangu hupita Piccadilly, pale inapoanzia St James's Street. Nikisimama kwenye taa huwa natazama kushoto na kujiambia: hapo chini, namba 27, ndipo walipokuwa wanasukumana.

Duka la namba 27 lilikuwa la mwanamke, Hannah Humphrey. Juu ya duka aliishi mchongaji wake, James Gillray, na dirisha zima lilijazwa picha, kila kioo picha yake. Watu walijazana barabarani kutazama bure, mabwana kwa wapagazi. Kununua ni habari nyingine. Picha ya kawaida bila rangi ilikuwa peni sita, ya rangi shilingi moja (ndiyo babu wa shilingi yetu, ilikuwa na peni kumi na mbili), na zile kubwa za Gillray zilizidi hapo. Kibarua aliyepata kama shilingi mbili kwa siku hanunui mdomo wa waziri kwa nusu ya riziki yake. Wanunuzi walikuwa mabwana wale wale waliochorwa, na marafiki zao, na maadui zao. Mwenzao mwingine, Samuel Fores wa hapo Piccadilly, alikuwa akiazimisha makasha ya vibonzo kwa usiku mmoja, wenye nyumba wawachekeshe wageni baada ya chakula.

Hilo nalo ni jibu la swali lako. Mtu hafungi duka analonunulia yeye mwenyewe.

Sasa nikupe picha ninayoipenda, samahani Mwalimu, funga macho. Novemba 1793, vita na Ufaransa vimeanza mwaka huo huo. Gillray kachora ramani ya Uingereza, ila ramani yenyewe ndiyo mwili wa Mfalme George wa Tatu. Kofia ya kulalia iko Northumberland. Na huko kusini, mfalme anajisaidia kuelekea pwani ya Ufaransa, na kinachomtoka ni msafara wa boti. Wallahi. Niliitazama British Museum, kwenye chumba cha kusomea picha, unaomba nafasi mapema na wanakuletea ndani ya kasha. Nilijizuia nisicheke, mama aliyekaa meza ya pili akanitazama, akaja kuchungulia, akacheka yeye.

Mfalme kachorwa hivyo na hakuna aliyeshtakiwa. Kwa nini? Kwa sababu anayenyewa ni Mfaransa! Ukiichukua kortini itabidi useme ni matusi kwa mfalme, na mchoraji atasema ni uzalendo, mfalme wetu anailinda nchi kwa kila alichonacho. Na Gillray mwenyewe aliweka jina la uongo chini, John Schoebert, endapo tu.

MwalimuZuhura (Tanga)

Nimefunga macho, nimesoma kwa jicho moja.

Ila mwanangu Dereva, umeacha lililo chungu. Huyo Gillray wako alikamatwa Januari 1796, si kwa vita bali kwa picha ya mtoto mchanga wa kifalme, ambamo Mwana wa Mfalme kaja amelewa, na jina la picha likawataja wale mamajusi wa Injili. Wakasema ni kufuru. Kesi ikayeyuka. Wakati huo huo kijana mmoja wa siasa, George Canning, alikuwa anambembeleza kupitia marafiki amchore. Unasikia? Amchore! Kutochorwa kulikuwa ni kutojulikana. Oktoba mwaka huo akapata alichotaka: katika picha ya Wafaransa wakivamia London, wanapita St James's Street huku ikulu inaungua, Waziri Mkuu Pitt amefungwa kwenye mti anachapwa viboko, na Canning naye yumo, ananing'inia kwenye nguzo ya taa, amenyongwa. Nadhani alifurahi.

Mwaka uliofuata, 1797, Gillray akaanza kupokea posho ya serikali, pauni 200 kwa mwaka, kwa siri, na Canning ndiye aliyeisuka. Tazama kazi zake baada ya hapo, upinzani ndio unaopigwa zaidi.

Kaka_Mkalimani (Nairobi)

Aha! Kwa hiyo bahasha ni ya zamani hivyo. Nafuta niliyosema kuhusu uhuru.

MwalimuZuhura (Tanga)

Usifute yote, kaka. Ndiyo shida yangu na vijana, mnafuta kwa ufagio.

Februari 1797 Wafaransa wachache walitua Wales, watu wakakimbilia benki kudai dhahabu yao, na tarehe 26 Benki Kuu ya Uingereza ikaacha kulipa dhahabu. Ikatoa noti za pauni moja. Mei 22 Gillray akatoa bibi kizee mkavu, gauni lake lote limeshonwa kwa noti hizo, amekalia sanduku la dhahabu la benki. Pitt, mrefu kama mlingoti na pua yake yenye madoadoa, anajifanya anambusu huku mkono uko mfukoni mwa bibi anachota sarafu. Bibi anapiga yowe. Huyo ni waziri ambaye serikali yake ndiyo inayomlipa Gillray au iko mbioni kumlipa! Jina la "Bibi Kizee wa Threadneedle Street", mtaa wa benki hiyo, limeshikamana nayo mpaka leo. Mtu aliyenunuliwa mkono mmoja, mwingine bado unauma. Unamwita nani huyo? Mimi nimeshindwa kumpangia darasa.

Na hata akisifu, anauma. Agosti 1798 Admirali Nelson wa Uingereza aliwavunja Wafaransa kwenye mdomo wa Mto Nile, habari zikafika London Oktoba, na mwezi huo huo Gillray akamchora John Bull, yaani Mwingereza mnene wa kawaida, mezani anakula meli. Maadmirali wamepanga foleni kama wapishi, Nelson mbele, kila mmoja na sinia la meli za Kifaransa, na yeye ananung'unika kwamba hana pa kuziweka. Miezi michache baadaye John Bull huyo huyo akaletewa bili: kodi ya mapato, ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, 1799.

DerevaLondon

Mwalimu umenimaliza. Niongeze moja tu ya ng'ombe wa Fundi, kisha nirudi zamu. Picha hiyo ilivuka bahari. Waholanzi na Wafaransa waliichonga upya kwao, wakaiuza. Ng'ombe aliyechorwa London kwa uchungu, Uholanzi na Ufaransa kawa kichekesho. Mwingereza alichora aibu yake, jirani akaitundika.

FundiFremu (Mombasa)

Nimesoma yote jana usiku, kibanda nimefungua saa nne.

MchongaBamba, nimepitisha kidole: hakuna mfereji. Nimetazama kwa lenzi ya fundi saa wa jirani: vitone. Basi ni nakala, na moyo umetulia kidogo, ila kukata nimekataa vile vile.

Mwalimu, uliposema fumbo nikamkumbuka Muyaka wetu, mshairi wa Mombasa. Aliishi zama moja na huyo Gillray, na vita vyetu na Lamu alivipigana kwa beti. Bibi yangu alikuwa na chache kichwani, na ukimwuliza huyu anayepigwa ni nani alikuwa anakuambia nenda kacheze.

Mzee amekuja leo asubuhi. Nikamweleza mmoja mmoja kwa ncha ya penseli: huyu Mholanzi, huyu Kongresi, hawa ndugu wawili wanasinzia. Alikuwa na haraka, akakaa. Akaniuliza kimbwa ni nani. Nikasema ufunguo haukumtaja kwa jina, ni kimbwa tu. Akasema, "Mwache hivyo hivyo, kila nchi ina wake." Kisha akakubali nimtengenezee fremu mpya, fremu kuukuu ya mvule nimeirudisha, na kadibodi ya ndani nimeikata pana chini ili maandishi yapumue.

Kosa langu ni kumsimulia ile ramani ya mfalme. Sasa anaitaka nayo, aitundike chooni. Mkewe kapiga simu kibandani kusema picha hiyo haivuki kizingiti chake. DerevaLondon, nakala ya hiyo huko inauzwa kiasi gani? Niandikie faragha, asione mama.